Fundi Wewe-Nani na Simu ya Ng'ambo

Ukivunjikiwa na ufunguo mlangoni, au kabati likikugomea na nguo zako nzuri zimo ndani, mtaa ule ulikuwa na fundi mmoja tu wa kukimbilia, na ulimkimbilia huku ukisonya. Si kwamba hakujua kazi. Kazi aliijua mpaka basi. Tatizo lilikuwa mahojiano. Kabla hajagusa kitasa chako alitaka kujua nyumba ni ya nani, unaishi humo na nani, ufunguo wa kwanza umekwenda wapi, na mbona unatokwa na jasho na wakati kuna upepo. Swali la kuanzia lilikuwa moja siku zote: "Wewe nani?" Alimuuliza mgeni, akamuuliza na jirani waliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Ndiyo maana watu wakamwita Fundi Wewe-Nani, naye akalipokea jina akaona amesifiwa.

Lakini tusimwonee. Mtu aliyeshinda maisha yake katika kiduka chembamba, jiliwa la kubania vyuma mbele yake, mashine ya kuchonga funguo ubavuni na vumbi la shaba kwenye nyusi, ameshaona mengi. Ameletewa alama ya ufunguo iliyokandamizwa kwenye kipande cha sabuni, na mwenye sabuni anatabasamu kama kaleta keki. Ameona mpangaji anayehama akichonga ufunguo wa ziada wa chumba anachokihama. Alijua jambo moja ambalo sisi wengine hatutaki kulijua, kwamba hakuna kufuli lisilofunguka. Ukishalijua hilo, halafu jioni urudi nyumbani ulale, unalalaje? Yeye alifunga mlango wa mbele kwa kufuli mbili na komeo, na simu ya nyumbani akaifungia kwenye sanduku la bati. Ufunguo wa sanduku aliuvaa shingoni, ndani ya fulana.

Simu yenyewe ilikuwa ya vitufe, imekwaruzika, hata kibaka angeona haya kuichukua. Lakini ndiyo iliyowaunganisha na mtoto wao wa pekee, binti aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Aliondoka na sanduku moja na koti la kuazima. Siku aliyoondoka Fundi alilia, tena mbele za watu, na waliomwona hawakuamini kwamba macho yale yana machozi. Alimpenda binti yake kupita kiasi. Hilo lazima tuliseme mapema, maana huko mbele mtu anaweza kulisahau.

Sasa, njia za wazazi kuzungumza na mtoto aliye ng'ambo bila kufilisika ni nyingi, na Fundi Wewe-Nani alizipitia zote akazituhumu zote.

Alianza na kadi za kukwangua. Unanunua kadi, unakwangua, unapiga namba ndefu, anapokea mwanamke wa kwenye mashine, unaingiza namba nyingine ndefu kuliko ya kwanza, ndipo unapewa mtoto wako. Mwanamke wa mashine alikuwa mkarimu sana wa maneno. Alisema una dakika tele, ila dakika zenyewe zilikwisha hata salamu hazijaisha. Fundi akaona wazi kwamba kuna mtu hapo katikati anazila. Akaenda kwa aliyemuuzia, muuza vocha mwenye pengo la mbele na kibanda cha rangi ya machungwa, akataka arudishiwe dakika zake.

"Mzee wangu, mimi nauza kadi tu. Dakika sizili," muuza vocha akasema.

"Nani kasema unazila wewe? Mbona unajitetea na hujashtakiwa?"

Tangu siku hiyo muuza vocha aliingia kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa, orodha ambayo Fundi aliiweka kichwani na ambamo hakuna aliyewahi kufutwa.

Baada ya kadi akajaribu simu ya kulipia, iliyokuwa kwenye kibanda hichohicho, maana nyingine haikuwepo karibu. Pale walau binti aliweza kupiga yeye, na wazazi wakaitwa kuja kupokea. Lakini Fundi aliona kwamba kama yeye anamsikia aliye nyuma yake kwenye foleni anakohoa, basi aliye nyuma naye anasikia anayoyasema. Akaacha. Akajaribu bando la bei nafuu la kupigia nje. Bando likamtumia ujumbe kwamba litakwisha usiku wa manane, atumie asitumie. "Linaharakia wapi?" akauliza, na kwa kuwa hakujibiwa, akaliacha nalo.

Mwisho akaangukia kwenye kubipu. Na hapo, ndugu yangu, alipumua. Kubipu hakuli hela ya mtu. Wakakubaliana na binti: simu ikilia mara moja na kukatika, maana yake mzima. Ikilia mara mbili, nipigie. Wakawa wanaishi hivyo wiki nzima, na Jumapili ndiyo siku ya kuongea kwa sauti, kwa kifupi. Mke wake alikuwa akikaa jikoni sikio limeelekea kwenye sanduku la bati, na simu ikilia humo ndani mara moja na kukatika alisema, "Alhamdulillah, kaamka," kisha akaendelea kuchambua mchele.

Ungedhani hapo yamekwisha. Hayakwisha. Siku moja mteja alikaa dukani akisubiri kitasa, akasimulia habari za matapeli wanaowapigia wazazi simu wakijifanya watoto wao walio nje. Wanalia, wanasema wamelazwa, wanataka msaada, na sauti ni ileile. Fundi aliweka chini tupa aliyokuwa akisugulia ufunguo. Akawaza: kubipu ni mlio tu, na mlio hauna sura. Hata sauti yenyewe, nani ameithibitisha?

Ndipo alipoanzisha swali.

Kila Jumapili, kabla ya salamu, binti ilimpasa ajibu swali moja ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Kovu la goti ulilipata wapi? Kabati la bibi yako lilipakwa rangi gani? Mbuzi aliyekula daftari lako alikuwa wa nani? Maswali aliyabadilisha kila wiki ili yasizoeleke. Binti akijibu sawa, baba alisema, "Haya, hujambo mwanangu," na mazungumzo yakaanza. Mwanzoni binti alicheka. Baadaye akawa anajibu tu. Baadaye zaidi, akawa anajibu kama mtu anayetoa maelezo polisi. Kazi? Nzuri. Hewa ya huko? Baridi. Unakula? Nakula. Fundi akirudisha simu kwenye sanduku alijisikia ameilinda familia yake, na hapo hapo alijisikia kuna kitu hakupewa. Ila hakujua amdai nani.

Halafu kuna habari ya mchumba. Binti alikuwa amesema, kwa aibu, kwamba kuna mtu, dereva wa basi, mtaratibu. Baba mwingine angeuliza jina la ukoo. Fundi Wewe-Nani alitaka nakala ya kitambulisho, namba ya kazini na anwani mbili za zamani. Alipopata namba ya kazini alimtafuta mwalimu wa lugha wa shule ya jirani amsaidie kutafsiri, akampigia mkuu wa gereji ya mabasi huko ng'ambo, akamuuliza kama kijana yule amewahi kuiba kitu. Mkuu hakuwa amewahi kufikiria jambo hilo. Kuanzia siku hiyo akalifikiria, na dereva akasimamishwa wiki nzima wakati mafuta yakihesabiwa upya. Jumapili iliyofuata binti alijibu swali lake vizuri, kisha akasema, "Baba, yule mtu tumeachana." Fundi akasema afadhali. Mke wake aliinuka akaenda kusimama uani, akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Na kuna ile ya tapeli, ambayo mtaa mzima uliijua kwa sababu mwenyewe aliisimulia kwa kila aliyeleta kitasa. Siku ya kazi, mchana, amerudi nyumbani kula, namba ngeni. Sauti ya mwanamke, imekauka, inavutavuta maneno. "Baba, ni mimi." Akamuuliza, "Mlango wa choo cha nyumba ya zamani ulifungwa kwa kitu gani?" "Baba, sikumbuki. Nimechoka, baba, naomba tu..." Kwisha kazi. Fundi alikata simu, akaizima kabisa, akaitia sanduku. "Naomba tu!" alikuwa akiiga dukani, na wateja wakicheka. "Angalau angesema kamba. Jibu ni kamba! Mtoto wangu anaijua kamba ile." Alilisimulia jambo hilo mwaka mzima na kidogo.

Mke wake hakuwahi kulicheka. Ila hilo, kwa ajabu, Fundi hakuligundua, yeye aliyegundua kila kitu.

Mama wa nyumba alikuwa mtu mkimya mwenye mzaha wa chini chini. Aliwahi kujaribu mara moja kumwelekeza mumewe. Walikuwa wanakula.

"Wanasema siku hizi unampigia mtu kwa intaneti," akasema, "unamwona na uso wake, na hulipi kitu."

"Nani halipi kitu?"

"Wewe unayepiga."

"Na huyo mwenye intaneti anakula nini?"

"Sijui, mzee. Labda anakula kwao."

"Mama, mimi nikiona mtu anagawa kitu bure, naushika mfuko wangu wa nyuma. Watauangalia uso wa mtoto, wataangalia na sebule hii, wataona sanduku lile pale. Nani kakuambia habari hizo?"

"Muuza vocha."

Fundi aliweka kijiko chini. "Ahaa," akasema. Mkewe akakusanya vyombo.

Basi ukapita muda, na siku moja ya Jumamosi umeme ulikatika. Mashine ya kuchonga haikwenda, Fundi akafunga duka mapema, jambo ambalo kwake ni sawa na msiba. Akafika nyumbani, mke hayupo. Alikaa kwenye kiti akiangalia mlango. Mke aliporudi alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, amejipulizia manukato, na mdomoni ana rangi. Rangi ya mdomo! Mara ya mwisho kuiona ilikuwa kwenye picha.

"Umetoka wapi?"

"Saluni."

Fundi akaziangalia nywele. Nywele zilikuwa zilezile. Mistari ileile aliyosukwa na jirani wiki iliyopita, hata ule msuko wa kisogoni uliokuwa umeanza kufumuka ulikuwa bado umefumuka. Mtu wa kazi yake hapigi kelele anapokuta mkwaruzo mpya kwenye kitasa. Anautazama, anautunza.

Jumamosi iliyofuata alituma salamu za uongo nyumbani kupitia kwa mteja, kuuliza kama amesahau miwani. Mteja akarudi: mama hayupo, majirani wanasema yuko saluni. Jioni, nywele zilezile. Halafu akaanza kuona mengine. Mkewe alikuwa anaimba jikoni. Alikuwa anatabasamu peke yake akikuna nazi, na akiulizwa anatabasamia nini anasema, "Hakuna." Na siku moja, akitafuta sindano kwenye mkoba wa mkewe (ndivyo alivyojiambia, sindano), alikuta kofia ndogo ya kufuma, ya mtoto mdogo, haijamalizika.

Hapo ndipo baridi ilipomwingia moyoni. Aliketi dukani akaziweka mezani zile dalili moja moja, kama anavyopanga pini za kufuli. Manukato. Rangi ya mdomo. Saluni isiyosuka. Kofia ya mtoto wa mtu. Kuna mwanamume, na mwanamume huyo ana mtoto mdogo, yaani amefiwa na mke, au ni mwongo. Na saluni hiyo iko wapi? Imepakana na kibanda cha rangi ya machungwa. Nani aliyemwambia mke wake habari za vitu vya bure? Nani mwenye pengo la kutabasamia watu?

Alikosa usingizi, alikosa hamu ya chakula, na kibaya zaidi, aliharibu ufunguo wa mteja, meno yakaingia ndani kupita kiasi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Katika maisha yake aliwashuku wote, lakini alikuwa amewashuku huku ameegemea ukuta mmoja, na ukuta huo ulikuwa mke wake. Sasa ukuta nao umetoa ufa. Mchana mmoja alijikuta anamtazama mkewe akipepeta mchele, akataka kumuuliza swali lake lile la siku zote, na akalimeza.

Jumamosi ilipofika alifunga duka umeme ukiwepo. Majirani walitoka nje kutazama. Alivaa kofia ya kumfunika uso, akapita upande wa pili wa barabara, nyuma ya magari yaliyoegeshwa, akimfuata mkewe kwa mbali. Mama alitembea haraka, mkoba kwapani, hageuki nyuma. Mtu asiye na hatia hugeuka, Fundi akawaza. Kisha akakumbuka kwamba juzi alimwambia mteja kinyume chake.

Mkewe akaingia saluni. Fundi akakiangalia kibanda. Kimefungwa nusu, kiti ni kitupu, na kipande cha katoni kimening'inizwa: NARUDI SASA HIVI. Akavuka barabara akasimama pembeni ya pazia la shanga la mlango wa saluni. Ndani mashine za kukaushia zilivuma, kulinuka mafuta ya nywele na nywele zilizoungua kidogo. Akamsikia mkewe anacheka. Kicheko hicho alikuwa amekisahau, kile cha kuishiwa pumzi, alichokuwa nacho walipokuwa vijana. Kisha sauti ya mwanamume, ile ya kibandani:

"Sogea kidogo mama, hapo una kiza. Ee, hapo sasa."

Fundi Wewe-Nani alipasua lile pazia.

"Nani?" akasema, na sauti haikutoka vizuri. "Nani humu?"

Wanawake waliokuwa na vibanio kichwani walipiga ukelele. Msusi, binti mwenye chanuo mdomoni, alilitoa akasema, "Shikamoo, baba," kwa mazoea tu. Muuza vocha alikuwa amechutama pembeni ya waya na kijisanduku cha intaneti chenye vitaa vya kijani, mikono yote miwili inaonekana, haimshiki mtu. Na mke wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha kusukia, ameelekea kioo. Mbele ya kioo, simu kubwa ya msusi imeegemezwa kwenye kopo la mafuta.

Ndani ya simu alikuwemo binti yake.

Alikuwa amenenepa mashavu. Nyuma yake kulikuwa na kochi la bluu na dirisha lenye mwanga mweupe. Mapajani mwake ameketi mtoto mdogo, ana kijiko, ana kofia ya kufuma, pacha wa ile ya mkobani. Mtoto alimwangalia Fundi kwa macho makubwa. Binti naye akamwona. Na hapo akafanya jambo moja la haraka: alimkumbatia mtoto kwa mkono, akamvuta, wakatoka wote wawili kwenye picha. Likabaki kochi.

Fundi alijua maana yake. Dukani kwake, mtu asiyemwamini akiingia, yeye hufunika kwa kiganja ufunguo wa mteja ulio mezani. Hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Hakuwahi kuwaza hali ikoje kuwa yule aliyeingia.

"Mtoto wa nani huyo?" akauliza. Mashine za kukaushia zilivuma.

"Wako," mkewe akasema. Hakuwa amegeuka, alimtazama kupitia kioo. "Mjukuu wako. Yule dereva wa basi aliyesema wameachana, hawakuachana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyomkamata tapeli."

Ilimchukua muda. Waliokuwepo wanasema walimwona uso ukibadilika taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Alikuwa ametoka kujifungua kwa kupasuliwa," mama akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. "Sauti hana. Kaazima simu ya muuguzi. Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa wewe. Sio mimi, wewe. Ukamuuliza habari za mlango wa choo. Ulipozima simu akapiga pale kibandani, namba aliikumbuka ya tangu zamani, na huyu kaka akanitafuta mpaka sokoni. Tangu hapo tunaongea hapa. Bure, mzee. Hakuna aliyetuibia kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza nina ushahidi gani."

Fundi alitaka kukasirika. Hasira ingemfaa, aliizoea. Aliitafuta akaikosa. Alichopata ni aibu, na chini ya aibu uchungu wa kweli, kwamba mtoto wake alilala kitandani amechanwa, akamwita, naye akakata simu, kisha akaigeuza hadithi ya kuchekesha wateja. Aliishika meza ya vioo kwa mkono wenye vumbi la shaba.

Binti alirudi kwenye picha. Peke yake.

"Baba."

"Naam."

"Umekuja kufanya nini hapo?"

Saluni nzima ilisubiri. Fundi alimtazama msusi, akatazama mlango. Angeweza kusema amekuja kurekebisha kitasa. Kitasa chenyewe kilikuwa kibovu, alikwishakiona alipoingia. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, unaoingia. Lakini kwa mara ya kwanza alikuwa yeye ndiye anayehojiwa, hana cha kuonyesha, hana hata mtu wa kumshuhudia.

"Nilimfuata mama yako," akasema. "Nilidhani ana mtu."

"Mtu gani?"

Akaonyesha kwa kidevu kule kwenye waya.

Muuza vocha alisimama. "Mimi, mzee wangu? Na pengo hili?"

Kicheko kilichopasuka mle kilitoa watu madukani. Mwanamke mmoja alicheka hadi kibanio kikamdondoka kwenye chai ya mwenzake. Mama naye alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akacheka tena, kisha akageuza kiti akamwangalia mumewe moja kwa moja. Muuza vocha akakumbuka ana wateja, akatoka.

Ndani ya simu, binti hakuwa amecheka hata kidogo.

"Hata mama, baba?" akauliza.

Fundi aliinamisha kichwa. "Hata mama yako."

"Mama huyu?"

"Huyu huyu. Nisamehe, mwanangu. Na wewe, mama, nisamehe."

Mke wake alikivuta kwa mguu kigoda cha msusi, akakisogeza karibu na kiti chake, na Fundi akaketi.

Msusi akachungulia kama intaneti imekatika. Haikuwa imekatika. Binti alikuwa anamtazama baba yake pale kwenye kigoda, kofia mkononi, vumbi la shaba kwenye nyusi.

"Mimi miaka yote hii nilidhani ni mimi tu," akasema. "Kila Jumapili nikikujibu maswali yako nakata simu najiuliza, nilimkosea nini baba mpaka haniamini? Nilikuwa nahesabu makosa yangu ya utotoni. Nikasema labda niliondoka vibaya. Nikasema labda hanipendi tena, ananiuliza ili apate sababu." Akajifuta pua kwa mkono. "Kumbe hata mama."

"Hujanikosea kitu," Fundi akasema. "Hujawahi."

Binti akatikisa kichwa, analia, na katikati ya kilio kikamtoka kicheko, cha kuishiwa pumzi, kile kile cha mama yake. Kisha akainuka akatoka kwenye picha. Likabaki kochi la bluu. Fundi alilitazama kochi hilo bila kupepesa. Hakuuliza anakwenda wapi, hakuuliza dakika zimebaki ngapi. Mkewe, bila kumwangalia, alimpangusa vumbi begani.

Binti alirudi na mtoto. Akamketisha mapajani, akamnyoosha kofia, akamgeuza uso kuelekea simu. Mtoto alimwona yule mzee akaanza kukunja midomo kutaka kulia.

"Huyu ni babu yako," binti akamwambia mtoto. "Usimwogope. Yuko hivi hivi kwa kila mtu."